Kabla ya Kunadi, Nendeni Changarawe
Na Mwinyimvua Kibwana

Kila mwaka wa masomo unapokaribia ukingoni, vijana wanaosomea teknolojia ya habari katika vyuo vyetu, na wa Mzumbe wakiwamo, hupanga miradi yao, huijenga, na hatimaye huinadi hadharani. Nami, ambaye hualikwa mara kwa mara kuketi miongoni mwa wasikilizaji, nimekwisha kuizoea ahadi yao, kwamba mtandao wao mpya wa kijamii utawakusanya wanafunzi wote wa Tanzania mahali pamoja, wauziane vitu, wasaidiane masomo na, kwa rehema za Mola, wapate wachumba. Tamaa kubwa si aibu kwa kijana. Linalonisumbua ni kwamba aghalabu mpango hunadiwa kwa majaji kabla haujanadiwa kwa mtu hata mmoja atakayeutumia.

Kundi moja la vijana wanne lilituonyesha karibuni programu ya kutafutia vyumba vya kupanga nje ya chuo na kuuziana magodoro, majiko ya gesi na ndoo pale mwaka wa 3 wanapofunga virago. Haja yenyewe ni ya kweli, maana hosteli hazimtoshi kila mtu. Lakini katika fomu waliyoibuni, mwenye nyumba alitakiwa ajaze barua pepe, apakie picha 5 na aweke alama ya nyumba yake kwenye ramani. Mama mmoja miongoni mwa majaji akawauliza kwa upole wamezungumza na wenye nyumba wangapi wa Changarawe. Wakatazamana. "Bado, mama." Na Changarawe ni kijiji kinachopakana na chuo cha Mzumbe, ambako mwenye nyumba aghalabu ni bibi mwenye kitochi, anayepokea kodi kwa simu hiyo hiyo, na anayemjua mpangaji wake kwa kuletewa na dalali au kwa neno la mpangaji aliyetangulia; barua pepe kwake ni jambo la ghaibu.

Mzumbe ni mahali panapofaa kujifunzia habari hii, kwa kuwa chuo hiki kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ambamo utawala wa Kiingereza uliwafundisha machifu, madiwani na makarani namna ya kuendesha shughuli za umma. Na katika miaka ile ile, juu ya milima tunayoitazama kila asubuhi, mpango mmoja mkubwa ulikuwa ukienda kombo. Mpango wa ardhi wa Uluguru, ulioanzishwa mwaka 1950, uliwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi ili mvua isiuchukue udongo. Hoja ya wataalamu ilikuwa na uzito. Lakini kazi ilikuwa ya sulubu, udongo wenye rutuba ulifukiwa chini, mavuno yakapungua, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakasimama wakakataa, ghasia zikazuka, na mpango ukavunjika. Ilhali huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, matuta yalishika, kwa sababu wenyeji walilima mboga za kuuza Morogoro na Dar es Salaam, na tuta la kabichi lililipa jasho la aliyelichimba. Laiti kila kundi linalopanga programu lingejiuliza kwanza kama liko Matombo au liko Mgeta.

Hata Facebook, ambayo kila mnadi huitaja kana kwamba ilishuka ikiwa kamili, ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa chuo kimoja tu, Harvard, waliokwisha kuzoea kutazamana katika vitabu vya picha vya mabweni yao. Ikaingia vyuo vingine hatua kwa hatua, na haikufunguliwa kwa umma hadi Septemba 2006.

Kuna jambo jingine ambalo slaidi hulipita mbio, nalo ni amana. Binti wa mwaka wa 1 anayetafuta chumba ataacha humo jina lake, namba ya simu na, bila kukusudia, habari kwamba analala peke yake. Nani ataitunza habari hiyo, na nani ataifuta? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimsamehe mtu kwa kuwa ni mwanafunzi. Tena wasidhani dhima hii ni nyepesi: Maxence Melo, aliyeanzisha JamiiForums pamoja na Mike Mushi mwaka 2006, alikamatwa mwaka 2016 na kushitakiwa, pamoja na mengine, kwa kuzuia uchunguzi wa polisi waliotaka taarifa za watumiaji wake, na kwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa anwani ya .tz. Anayekusanya majina ya watu na aamue mapema atakalosema siku atakapobishiwa hodi.

Na baada ya mahafali? Miradi mingi ya wanafunzi hufa hapo, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa waliojenga wamekwenda kutafuta kazi, seva haijalipiwa, na bumu, ile fedha ya mkopo wa mwanafunzi, halipo tena. Huku kundi la WhatsApp la darasa, linaloendeshwa na CR, yaani mwakilishi wa darasa, asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu, likiendelea kutangaza vyumba bila gharama zaidi ya bando. Huyo CR ndiye mshindani wao halisi, na sijaona slaidi iliyomtaja.

Wale vijana wanne, kwa insafu yao, waliondoka wakapunguza. Wamebakiza vyumba vya Changarawe peke yake, mwenye nyumba anatuma ujumbe mfupi wa kawaida, na mwanafunzi wa mwaka wa 2 ameshirikishwa tangu sasa ili arithi kazi. Wanachobishania bado ni dalali, kama aingizwe ndani ya mpango au afungiwe nje. Rai yangu ni kwamba aingizwe na ujira wake uandikwe wazi, maana ndiye ajuaye paa lipi linavuja, na akifungiwa nje atawapigia simu wenye nyumba wote kabla ya jua kuchwa.