Bakshishi ya Mahamali

Katika mambo yanayomfadhaisha mtu siku ya kuhama nyumba, lipo moja ambalo hakuliwekea nafasi katika hesabu zake zote za mafurushi na makapu, nalo ni lile swali linalomjia mwishoni kabisa, wakati kitanda kimekwisha kuingizwa chumbani, jasho likiwatiririka vijana waliokipandisha, naye mwenye mali amesimama mlangoni, mkono mfukoni, akijiuliza awape nini juu ya kile walichopatana. Wengine hutoa noti iliyotangulia kuguswa na kidole. Wengine huitazama simu yao kana kwamba imelia. Wengine hushukuru kwa maneno mengi mno, na wingi wa maneno hayo aghalabu huwa umekaa mahali pa noti. Naona kwamba swali hili, dogo kama lionekanavyo, hatulijibu vyema kwa sababu tunajiuliza saa isiyo yake, na zaidi kwa sababu tumezoea kuiita bakshishi fedha ambayo kwa insafu ilikuwa ujira.

Tuitazame safari yenyewe kama ilivyo leo katika Dar es Salaam. Mpangaji anayetoka Tabata kwenda Sinza huanza kwa dalali, ambaye kwa desturi ya mji hutwaa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Kisha humwendea mwenye nyumba, atakaye kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kisha fundi wa vitasa na fundi wa umeme. Kisha mwenye Kirikuu au, kwa aliyejaaliwa samani nyingi, mwenye Kenta. Wote hao huwalipa kwa manung'uniko ya kimoyomoyo tu, na dalali hasa humlipa kwa heshima, asije akampa mwingine chumba. Afikapo kwa vijana wa kupakia na kushusha, ambao ndio wa mwisho katika safu na ndio wenye kazi nzito kuliko wote, mfuko umekwisha kukauka, na hapo ndipo ulimi wake unapopata makali: aliyetaja elfu kumi na tano huambiwa achukue kumi, kwa hoja kwamba kazi yenyewe ni ya saa mbili tu. Jioni, baada ya kuona kwa macho yake friji likipanda ghorofa ya tatu juu ya mgongo wa mtu mmoja, dhamiri humchoma, akampa kila kijana elfu tatu “ya soda”, akapokea dua na shukrani, akalala usingizi wa mtu mkarimu. Lakini huyu bwana alipunguza elfu tano asubuhi na kurudisha elfu tatu jioni; amebaki na elfu mbili za watu na sifa juu yake.

Katika elimu ya fikihi iliyosomeshwa kwa karne nyingi katika misikiti ya pwani, ijara, yaani mapatano ya kazi kwa malipo, haikamiliki ila ujira uwe umejulikana kabla ya kazi kuanza, na usia wa Mtume wa kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka unajulikana hata kwa wasiokuwa Waislamu. Zawadi ni mlango mwingine kabisa: ni ya hiyari, haidaiwi, haina kiwango, na asiyeitoa hana dhambi. Maadamu milango ni miwili, atakaye kuingia wa pili na autimize kwanza ule wa kwanza. Ampe hamali bei ya haki pasipo kumkaba, bei ambayo yeye mwenyewe asingeona haya kuitaja mbele ya mama yake yule kijana, na hapo ndipo chochote atakachoongeza kitakapostahili jina la bakshishi.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya kumi na tisa, aliyechukua takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32, kutoka bara hadi Bagamoyo, alikuwa akijua ujira wake na posho yake kabla ya kuuinua mzigo, na historia ya misafara imejaa habari za wapagazi waliotua mizigo chini, wakakaa, wakakataa kwenda hatua moja mpaka walichoahidiwa kitimizwe. Walikuwa na bei, na waliilinda. Balaa lilikuja walipochukuliwa na dola. Soko kubwa la Dar es Salaam, Kariakoo, limerithi jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha vita vya 1914 hadi 1918, Carrier Corps, ambacho kilichukua watu kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wabebe risasi na chakula cha majeshi. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi kuliko bunduki. Mwaka 1927 ikasimamishwa katikati ya mji ile Sanamu ya Askari tunayoizunguka kila siku, na maandishi yake yakawataja wapagazi kwa taadhima pamoja na askari. Lakini ujira wa wengi katika wale waliofariki, ambao warithi wao hawakufikiwa, ulibaki katika hazina ya serikali. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa bakshishi iliyotolewa mahali pa ujira, tena bakshishi ya shaba.

Wapo watakaosema kwamba Wamarekani wamekwisha kulitatua swali hili la bakshishi, kwani kwao kila huduma ina asilimia yake na mtu hana haja ya kujikuna kichwa mlangoni. Wamelitatua kwa njia gani? Sheria ya shirikisho ya nchi ile inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu mwaka 1991, kwa tamaa kwamba wateja watamjazia hadi kufikia dola 7.25 za kawaida, ingawa mwajiri ndiye anayetakiwa kufidia kinachopungua. Kabla ya hapo kampuni ya Pullman, yenye mabehewa ya kulala ya reli, iliwaajiri watu weusi kwa mshahara duni ikitegemea huruma ya abiria, hata wahudumu hao wakaunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na wakapigana hadi mwaka 1937 kampuni ilipotia saini mkataba. Nchi ikifika mahali ambapo mteja ndiye anayemalizia mshahara, mwajiri amekwisha kuutua mzigo wake juu ya bega la mtu mwingine. Sisi hatuna sababu ya kuiga.

Mfano unaotufaa uko karibu zaidi, mlimani Kilimanjaro, ambako wapagazi wa watalii hujiita wagumu, na ambako kanuni ya hifadhi inaweka mzigo wa mgeni kuwa kilo 20 kwa mtu. Huko bakshishi ni jambo kubwa, na kwa miaka mingi malalamiko ya wagumu hayakuwa kwamba wageni ni wachoyo, bali kwamba fedha iliyotolewa kwa mkono mmoja, katika bahasha moja, kwa kiongozi mmoja, ilishuka mlima ikipungua kila kituo. Ndiyo maana wanaowatetea wapagazi huwashauri wageni waitaje hesabu hadharani, mbele ya kundi zima, au wamkabidhi kila mtu chake. Huku mjini tunafanya kosa lile lile kwa sura nyingine: tunamtumia dereva kwa simu, tena pengine bila ya kuweka ya kutolea, na kumwambia “utawapa vijana”. Dereva anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini ana mafuta ya kujaza, ana trafiki njiani, ana tajiri mwenye gari anayesubiri hesabu ya siku, na vijana aliwaokota kijiweni asubuhi wala hajui kama atawaona tena. Mkono uliobeba ndio upokee.

Basi ni kiasi gani? Sipendi kujificha nyuma ya lile neno jepesi la kila mtu na uwezo wake. Kipimo changu ni chakula na nauli: kila mmoja apate, juu ya ujira wake kamili, thamani ya sahani nzuri ya mchana kwa mamantilie, wali kwa samaki na si wali mtupu, pamoja na nauli ya kumrudisha kwake, na kwa bei za mji huu wa leo noti ya elfu tano haitii aibu. Hicho ni kima cha nyumba ya chini. Ngazi zinaongeza, na aishiye ghorofa ya nne isiyokuwa na lifti na azidishe mara mbili, kwani Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliona kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na friji kubwa la milango miwili huzidi kadiri hiyo hata likiwa halina kitu ndani. Mvua inaongeza. Kitanda cha sita kwa sita kilichogoma kwenye kona ya ngazi, kikafunguliwa na kuungwa upya na kijana aliyekuja na bisibisi yake mwenyewe, kinaongeza kwa kijana huyo peke yake, na wenzake wataelewa. Lakini bei ya jumla ya safari haiongezi chochote, na hapa ndipo kuhesabu kwa asilimia kunapopotoka: anayehama kutoka Mbezi kwenda Bagamoyo hulipa zaidi kwa sababu ya njia, na njia hubebwa na magurudumu.

Maji ya kunywa na chai ya katikati ya kazi siyatii katika hesabu hii; hayo ni haki ya mgeni yeyote afikaye nyumbani kwa mtu, sembuse aliyefika na kabati kichwani.

Kuhusu wakati, fedha hii itengwe mapema, siku ile ile dalali anapohesabiwa chake, kwa sababu jioni ya kuhama hakuna mtu mwenye fedha wala mwenye akili iliyotulia. Iwe katika noti ndogo kwa idadi ya watu. Maana noti moja ya elfu kumi waliyopewa watatu ni mwanzo wa ugomvi chini ya ngazi, chenji haipo, duka la jirani limefungwa, na mwenye mali juu dirishani anashangaa jinsi ukarimu wake unavyotukanwa. Wala isitangazwe asubuhi kama chambo, kwa maneno ya “fanyeni vizuri nitawaona”, kwa sababu ahadi ikishatoka kinywani imekuwa deni, na hamali aliyelikubali deni hilo hushusha bei yake kwa ajili yake, kisha jioni humkuta bwana ameona machache. Asiye na cha kuongeza, na wapo wengi wanaohama kwa sababu kodi imewashinda, na alipe alichopatana bila kukipunguza hata senti, apike au anunue chakula, awakaribishe vijana wale naye kwa sinia moja, na hana deni kwa mtu.

Limebaki la vitu vinavyovunjika, ambalo ndilo linaloharibu maagano mengi. Kioo cha meza kikipasuka kwa uzembe ulio dhahiri, kijana akicheza na simu huku akishuka ngazi, bakshishi yaweza kuondoka, nayo ni haki ya mtoaji. Lakini ujira usikatwe kwa hasira ya hapo mlangoni, bila ya kukaa na kusikilizana bei ya kioo na kosa lilikuwa la nani, kwani mtu hawezi kuwa mdai, shahidi na kadhi kwa wakati mmoja. Na yule aliyezifunga sahani zake ndani ya shuka bila hata gazeti moja katikati, kisha akasikia mlio furushi lilipoguswa, asigeuke kumtazama aliyelibeba.