Sindano ya kupunguza kilo: uliza kwanza ililala wapi

Swali linalozunguka siku hizi katika makundi ya WhatsApp ya Bukavu ni fupi: ile sindano ya kupunguza kilo inapatikana wapi? Jibu huja haraka, pamoja na picha ya boksi na namba ya telefone. Anayejibu haulizi kama mnunuzi ana mimba, ana ugonjwa wa sukari, au anameza dawa nyingine.

Dawa yenyewe ni ya kweli. Semaglutide, inayojulikana kwa jina la Ozempic, ilitengenezwa kwa wagonjwa wa sukari. Mwaka 2021 Marekani iliikubali pia, kwa jina la Wegovy, kwa watu wenye unene uliozidi. Huchomwa mara moja kwa juma, ikianza na kipimo kidogo. Anayeruka hatua ili akonde mbele ya arusi anaweza kutapika mpaka aishiwe maji mwilini. Mwenye mimba haruhusiwi kuitumia, na anayepanga kupata mimba aiache miezi 2 mbele.

Kabla ya kufunguliwa, sindano hiyo hukaa katika frigo, kati ya digri 2 na 8. Nani hapa asiyejua namna umeme unavyokatika? Kwa hiyo mbele ya bei, muulize muuzaji: umeme ukienda, frigo yako unaifanyaje? Boksi hili lilisafiri namna gani mpaka hapa? Akikasirika, ondoka. Dawa iliyopigwa na joto inaweza kuonekana nzuri kabisa na isiwe na nguvu tena.

Tena kuna bandia. Mwezi wa 6 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitahadharisha juu ya Ozempic za bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kule Austria, mwaka 2023, watu walilazwa hospitalini sukari imewashuka ghafla. Ilishukiwa kwamba walichochomwa kilikuwa insulini. Ikiwa huko walidanganywa, soko la Kadutu litajilinda na nini?

Linalotuuma zaidi ni hili. Kwa miaka mingi vidonge vya kunenepesha, dexamethasone na cyproheptadine, vimeuzwa kwa wasichana wanaotafuta mashavu na makalio. Dexamethasone huvimbisha uso, hupandisha sukari na tansio. Huenda wengine wanaoulizia sindano leo ni walewale. Dada, kama ulivimeza, mwambie daktari bila haya. Kama ni vya muda mrefu usiviache kwa siku moja, mwili unaweza kuanguka. Pengine unachohitaji ni kuviacha polepole chini ya macho ya daktari, na sindano isiwe na kazi.

Basi anza kwa daktari: akupime kilo, urefu, sukari na tansio. Akikuandikia ordonansi, nenda katika farmasi yenye kibali na mfamasia anayejibu maswali. Wakikosa, rudi kwa daktari. Usigawane sindano na rafiki.

Lakini mkaaji wa kawaida atajuaje farmasi yenye kibali, wakati kila kibanda kina msalaba wa kijani? Wakaguzi wa dawa watoe orodha ya Ibanda, Kadutu na Bagira, waibandike kwenye mlango wa kila kituo cha afya.