Safari ya Rujewa na kanga ya Bibi

Familia mbili rafiki, moja ya Tabata na nyingine ya Kimara, zilikuwa na ahadi ya muda mrefu ya kusafiri pamoja. Kila mwisho wa mwaka ahadi hiyo ilikufa. Mara ada, mara msiba, mara likizo ya kazini imegoma. Mwaka 2016 jua ndilo lililowatoa nyumbani.

Tarehe 1 Septemba mwaka huo, siku ya Alhamisi, kupatwa kwa jua kulikatiza Afrika kuanzia Gabon, kukapita Kongo na Tanzania, kisha kaskazini mwa Msumbiji na Madagaska. Dar es Salaam jua lingemegwa tu. Lakini Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, mwezi ungekaa katikati ya jua na kuacha pete ya mwanga pembeni. Watoto walisikia habari hiyo redioni, na tangu siku hiyo wazazi hawakupumua.

Baba wa Kimara akapata Coaster ya ndugu yake kwa bei ya kuongea. Viti vya nyuma vikafunguliwa, yakaingia magodoro manne, jiko la gesi, masufuria, ndoo mbili za maji na hema moja. Hawakutaka kubahatisha nyumba za wageni, hivyo wangelala humohumo. Watoto watano waliipa Coaster jina la "nyumba ya kutembea", na kila mmoja akachagua kona yake kabla gari halijawashwa.

Mama wa Kimara ndiye aliyeshika daftari la michango. Mafuta, chakula, posho ya dereva, na miwani maalumu ya kutazamia jua. Kila familia ilikuwa imeshaahidi sehemu yake. Siku mbili kabla ya safari, sehemu ya mwisho ya Tabata ilikuwa haijafika, na fedha iliyokuwepo ilitosha miwani sita.

"Sita zinatosha, shemeji," alisema baba wa Tabata kwenye simu. "Watoto watapokezana."

Mama wa Kimara hakubishana. Aliandika "6" kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Ndani ya nyumba ya kutembea

Waliondoka Jumatano saa kumi alfajiri. Kutoka Dar hadi Rujewa ni karibu kilomita 700, na kwa gari lenye watoto watano huo ni umbali wa kusimama kila baada ya saa moja. Chalinze walisimama kwa ajili ya chai. Mikumi, barabara inapokatiza hifadhi, hakuna aliyelala: twiga wawili walikuwa hatua chache kutoka lami. Ruaha Mbuyuni walinunua vitunguu. Kwenye kona za mlima Kitonga mtoto mmoja alitapika, wa pili akafuata kwa kumwona mwenzake.

Gari dogo huwafundisha watu kwa haraka. Hadi wanafika Iringa, mama wa Tabata alikuwa amejua kwamba rafiki yake wa miaka kumi na mbili hapendi kuongeleshwa akiwa na njaa. Wababa walikuwa wamegombea muziki mara tatu. Binti mkubwa wa Kimara, mwenye miaka 13, ambaye mwanzoni alisusa safari kwa sababu rafiki zake hawakuwemo, alikuwa ameacha kununa na amejipa kazi ya kusoma kwa sauti kila kitu alichokipata kwenye simu kuhusu kupatwa kwa jua.

Mafinga walimpitia Bibi, mama mzazi wa baba wa Tabata. Watoto wote walimwamkia, naye akaitikia marahaba tano, moja moja. Mjukuu wake mdogo, mwenye miaka saba, akamvuta akae naye.

"Karibu karibu na mume wangu," Bibi alisema, akakaa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nimekuja kuwaangalia hawa watoto. Hilo jua lenu sitalitazama. Sisi tulipokuwa wadogo, jua likipatwa watoto waliingizwa ndani."

Baba wa Tabata alicheka mbele ya watoto wote. "Mama, hayo mambo ya zamani. Siku hizi kuna sayansi."

Watoto nao wakacheka. Bibi alitazama nje ya dirisha hadi Makambako.

Usiku, gari likiwa limeegeshwa Rujewa na wababa wakiwa kwenye hema, binti wa Kimara aliendelea kusoma. Alieleza kwamba safari hii mwezi upo mbali kidogo na dunia, hivyo unaonekana mdogo na hauwezi kulifunika jua lote. Upana wake ungekuwa kama asilimia 97 ya upana wa jua. Ndiyo maana huitwa kipete. Wengi walikuwa wameshaanza kusinzia. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo giza lenyewe haliji?"

"Haliji, Bibi. Mwanga unapungua tu. Na miwani haivuliwi hata dakika moja."

"Haya," alisema Bibi. "Hilo nimelishika."

Dakika tatu

Asubuhi kulikuwa na watu wengi, wengine wakiwa wamekuja na mikeka na vyakula kama wapo sikukuu. Baada ya saa nne jua lilianza kumegwa. Miwani sita ikapita mkono kwa mkono kati ya watu kumi na mmoja, na hapo ndipo hesabu ya mama wa Kimara ilipojulikana. Huyu anavuta, yule anasema zamu yake haijaisha, mwingine analia. Dereva alitazama mara moja, akarudisha miwani na kusema watoto kwanza.

Bibi alikuwa ametandika kanga yake chini ya mwembe, mgongo kwa umati.

Saa sita mchana ilipokaribia, mwanga ulipauka. Joto likapungua, upepo mwepesi ukapita. Ilikuwa kama jioni, isipokuwa jua lilikuwa utosini. Kelele zikapanda kila upande: kipete kilikuwa kinaingia, na kingekaa yapata dakika tatu tu.

Baba wa Tabata alikuwa amewahi kusikia kwamba huko ng'ambo, jua likipatwa lote, watu huvua miwani na kutazama kwa macho yao. Aliona zamu haziishi na dakika zinakwenda.

"Vueni sasa!" aliwaambia watoto. "Giza limeshaingia, tazameni wenyewe!"

"Hapana, anko!" alisema binti wa Kimara. "Hiki ni kipete. Hakitazamwi bila miwani."

"Wewe mtoto, nani kakwambia unifundishe?"

Walipokuwa wakibishana, yule mdogo wa miaka saba alikuwa tayari ameinua uso. Hakuwa na miwani. Alikunja macho, akatazama.

Bibi, aliyekuwa amegeuka aliposikia sauti ya mwanawe ikipanda, alipiga kelele kutoka kwenye mwembe. "Mfunikeni mtoto macho! Msikilizeni huyo binti!"

Mama wa Kimara ndiye aliyekuwa karibu. Alimziba mtoto macho kwa kiganja, akamgeuzia uso tumboni mwake. Mtoto akaanza kulia, zaidi kwa kushtuka na kwa kuona anakosa kile alichokifuata kilomita 700. Akamwongoza hadi kwa Bibi.

"Usilie, mume wangu," Bibi alisema. "Jua limeanguka hapa. Tazama."

Juu ya kanga, pale mwanga unapopenya katikati ya majani ya mwembe, hapakuwa na madoa ya kawaida ya mwanga. Palikuwa na pete. Pete ndogo kwa makumi, zimetawanyika kwenye kanga yote, nyingine zikipanda juu ya miguu ya Bibi, zikitikisika kila upepo ulipogusa majani. Mtoto akaacha kulia. Akaweka kiganja chake chini ya pete moja, ikakaa mkononi mwake.

Wenzake walikimbilia mwembeni. Waliokuwa na miwani waliivua baada ya kulipa jua kisogo, wakapiga magoti. Baba wa Tabata alifika wa mwisho. Alisimama nyuma yao bila kusema neno mpaka pete zilipoanza kukatika upande mmoja.

Kwa nini binti alikuwa sahihi, na Bibi pia

Kosa la baba wa Tabata hufanywa na wazazi wengi wenye nia njema. Mwanga ukipungua, macho hayaumi tena kutazama juu, na mtu hudhani hatari imekwisha. Lakini ukingo mwembamba wa jua uliobaki una nguvu ileile ya kuunguza retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Mtoto anaweza kuungua bila kulia.

Dalili mara nyingi huja baadaye, saa kadhaa au siku inayofuata: ukungu katikati ya macho, doa jeusi mahali anapotazama, mistari iliyonyooka kuonekana imepinda. Hakuna dawa maalumu ya kurudisha retina iliyoungua. Wengine hupona kwa muda, wengine hubaki na doa hilo. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri.

Kuvua miwani kunaruhusiwa tu pale jua linapofunikwa lote, kwa muda huo mfupi, tena mahali ambapo linafunikwa lote kweli. Kwenye kipete, au jua linapomegwa tu, ruhusa hiyo haipo kabisa. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, hata ikiwa nyeusi tii. Picha za eksirei, CD na kioo kilichofukizwa moshi si kinga. Hata beseni la maji, ambalo wengi wamelitumia tangu utotoni, hurudisha mwanga wa jua machoni. Miwani inayofaa huwa na alama ya ISO 12312-2, na ikiwa imekwaruzwa au imetoboka haifai tena.

Njia isiyo na gharama ni ile ya kanga ya Bibi. Kila tundu dogo linalopitisha mwanga wa jua huchora umbo la jua lenyewe chini. Majani ya mti hufanya kazi hiyo, na hata chujio la jikoni lenye matundu linaweza. Mtoto hulipa jua kisogo na kutazama chini. Hata wa miaka mitatu anaweza, na hakuna wa kugombea zamu.

Bibi hakuwa na habari za retina. Lakini waliokuwa wakiwaingiza watoto ndani walikuwa, kwa sababu zao wenyewe, wakiyaepusha macho ya watoto na jua siku ambayo kila mtu anatamani kulitazama. Mzazi anaweza kutokubaliana na maelezo ya mzee bila kumcheka mbele ya wajukuu. Siku ile, mtoto aliyezoea kuona Bibi anachekwa ndiye aliyehitaji kumsikiliza upesi.

Kurudi nyumbani

Safari ya kurudi ilikuwa kimya kuliko ya kwenda. Mama wa Tabata alikaa na mwanawe dirishani. Kila kibao cha barabarani kilipotokea, alimziba jicho moja na kumwomba asome, kisha jicho la pili. Mtoto alikuwa darasa la kwanza na alidhani ni mchezo.

"I-ga-wa," alisoma. Baadaye, "Ma-ka-mba-ko."

"Katikati ya herufi kuna kitu cheusi?"

"Hakuna, mama."

Mafinga waliposimama kumshusha Bibi, baba wa Tabata alimbebea mfuko hadi mlangoni. Watoto walikuwa wakitazama, naye alijua wanatazama.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilikucheka, na wewe ulikuwa unalinda mtoto."

"Nimeshasamehe," alisema Bibi. "Kamwambie na yule binti."

Alirudi garini, akamwambia. Binti wa Kimara aliinamia simu yake, akasema, "Haya, anko," na masikio yake yakawa mekundu. Kisha baba huyo akatoa pochi, akahesabu kiasi cha mchango wake uliobaki na kumkabidhi mama wa Kimara mbele ya wote. Mama wa Kimara akafungua daftari na kukiandika.

Jumamosi, wakiwa Dar, mtoto alipelekwa kupimwa macho ili mioyo itulie. Yalikuwa salama. Sekunde mbili tatu alizotazama zilikuwa chache, na kiganja kilifika kwa wakati.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Misri, karibu na Luxor, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita, na sehemu kadhaa za Afrika Mashariki zitaliona likimegwa. Mwaka 2031, mwezi Mei, kipete kingine kitapita Tanzania. Wakati huo mtoto yule atakuwa na miaka 22. Familia zile mbili zimeshakubaliana kwamba mara hii kila mtu atakuwa na miwani yake, na kwamba kanga ya Bibi itakuwemo garini.