Mifupa Nayo Huhitaji Akiba



Huku kwetu Hola, Bura na Garsen, bibi mzee akiteleza ukingoni mwa mfereji akavunjika nyonga, watu husema, "Ni uzee tu." Mimi sikubali. Mara nyingi mfupa ule ulikuwa umekwisha kudhoofu miaka mingi kabla ya siku ya kuteleza.

Ugonjwa huu huitwa osteoporosisi. Hauleti homa wala maumivu mpaka siku mfupa uvunjikapo. Mfupa ni kitu hai: mwili huubomoa kidogo kidogo na kuujenga upya. Ujana ndio wakati wa kuweka akiba. Mtu afikapo miaka 30 hivi, ghala lake limejaa kadiri litakavyojaa. Baadaye huanza kupungua, na mwanamke akishakoma hedhi, hupungua upesi zaidi.

Basi tujiulize, twaweka akiba gani? Wako wauzao maziwa yote asubuhi na samaki wote jioni, watoto wakala sima na chai ya rangi. Fedha ni lazima, wala simlaumu mtu atafutaye karo. Lakini hesabu hiyo ni mbaya. Nyonga ikivunjika, safari ya hospitali na kumpoteza mtu wa kazi huzidi bei ya vikombe vile.

Nashauri hivi. Kila nyumba ibakize maziwa ya watoto, wasichana hasa, na ya wazee. Asiye na ng'ombe abadilishane nafaka na jirani mfugaji. Wapokomo na Waorma waijua biashara hiyo tangu zamani. Dagaa waliwe pamoja na mifupa yao. Majani ya kunde na simsim yasidharauliwe. Jua huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, kwa hiyo mzee asifungiwe ndani kutwa. Na atembee, maana mfupa usiofanya kazi hudhoofu. Tumbaku na pombe nyingi huidhuru mifupa.

Tena, sawazisheni njia ya chooni, na mzee apewe fimbo, na taa usiku. Aliyevunjika kwa kuanguka kidogo tu asifungwe vijiti na kuachwa. Apelekwe hospitali akapimwe, kwa kuwa dawa za kuimarisha mifupa zipo.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Msichana anywaye maziwa leo ndiye bibi atakayesimama wima kesho.