Cheti cha Herufi A Hakitoshi



Mwezi uliopita alikuja katika tawi letu mjumbe wa kampuni moja ya kutuma ujumbe wa simu. Alitaka orodha ya wanachama, majina na namba zao, ili taarifa za mikutano ziwafikie upesi. Tulipouliza habari ya usalama alitoa cheti chenye herufi A, akatabasamu kama mtu aliyekwisha shinda kesi.

Alama hizo ni biashara kubwa siku hizi. Huko Marekani, SecurityScorecard hutoa herufi toka A mpaka F. Bitsight hutoa namba. Wapimaji hao kwa kawaida husimama nje ya ua, wakatazama katika intaneti kama milango imefungwa na kama programu zimezeeka. Sisi tuliosomea ualimu twamjua mkaguzi wa namna hiyo: apita dirishani, auona ubao safi, na daftari za watoto hakuzifungua. Hatusemi kazi yake ni bure. Asiyefagia mbele ya mlango, yaelekea na ndani hakufagia. Lakini sisi twataka kujua mambo mawili zaidi: kampuni huziba tundu baada ya siku ngapi, na ikiibiwa huwaambia watu lini?

Watazameni Equifax wa Marekani, ambao kazi yao ni kuwapa watu alama, nani mlipaji wa madeni na nani si mlipaji. Machi 2017 walionywa kwamba programu iitwayo Apache Struts ina tundu, na kiraka kilikuwa tayari. Hawakukitia mahali pote. Wezi wakaingia Mei, wakachota mpaka mwisho wa Julai. Kampuni ilishtuka tarehe 29 Julai. Wananchi wakaambiwa tarehe 7 Septemba. Habari za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwisha kwenda, na wengi wao hawakuwahi kuikabidhi kampuni ile kitu cho chote kwa mikono yao.

Norsk Hydro ya Norway, watengenezaji wa aluminiamu, nao walivamiwa, tarehe 19 Machi 2019. Walikuwa na kosa lao, maana wezi waliingia. Lakini siku ile ile walitangaza, wakakataa kuwalipa wezi, na kazi nyingine zikaendeshwa kwa mikono. Hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo, kati ya hao wawili, sisi tungempa Norsk Hydro majina yetu.

Sheria ya Kenya ya 2019 yaitaka kampuni imwarifu Kamishna wa Data katika saa 72. Mwenye jina yeye huambiwa katika muda unaowezekana. Unaowezekana kwa nani? Mama muuza samaki, ambaye simu yake ndiyo benki yake, naye awekewe saa.

Tulimwuliza yule mjumbe: mkivamiwa, mtatuambia siku gani? Alijibu kwamba atauliza ofisini. Hajarudi. Orodha ingali kabatini, na ufunguo anao katibu wa tawi.