Bolti Iliyokatika Isitupwe

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, gari litokalo Mwanza kwenda Sengerema halina tena haja ya kungoja kivuko. Lakini safari ya mhudumu wa afya apelekaye chanjo, ya bwana shamba wa pamba, au ya mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando, mara nyingi haianzii kwenye lami. Huanzia kijijini, juu ya barabara ya changarawe iliyojikunja migongo migongo kama bati. Huko ndiko hukatika bolti zinazoshika shokomzoba, au shokapu kama mafundi wengi waiitavyo. Na gari imara la mashamba na porini husimamishwa na kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole.

Desturi ya gereji nyingi inajulikana. Fundi hung'oa kipande kilichobaki, hukitupa, kisha hutia bolti nyingine, pengine nene zaidi au ngumu zaidi. Baada ya miezi michache nayo hukatika. Hapo lawama hutupiwa barabara, au muuza vipuri. Desturi hiyo yafaa iachwe, kwa kuwa kinachotupwa ni shahidi pekee wa chanzo cha hasara.

Chuma hakikatwi na kipigo kikubwa tu. Mwaka 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Katika miaka ya 1850 na 1860 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alithibitisha kwa majaribio kwamba mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi waweza kuvunja chuma ambacho kingeubeba mara moja bila taabu. Hali hiyo huitwa uchovu wa chuma. Hesabu yake si ngumu. Ikiwa mgongo mmoja wa barabara na wa pili hutengana kwa sentimita 75, kila gurudumu hupigwa mara 80,000 katika kilomita 60. Safari kumi za kwenda na kurudi hufikisha mapigo 1,600,000.

Hata hivyo, barabara peke yake haiui bolti. Bolti iliyokazwa sawasawa hurefuka kidogo sana, mithili ya springi ngumu, na kwa mvuto huo hulibana bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi ya mpira dhidi ya kishikizo cha chesisi. Msuguano wa nyuso hizo zilizobanwa ndio ubebao mapigo. Bolti yenyewe huhisi sehemu ndogo tu. Ikilegea, nyuso huanza kuteleza, na bolti iliyokusudiwa kubana sasa hupindwa huku na huko kila gurudumu lipigwapo. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko unaosukuma kiungo kwa ubavu waweza kuifungua nati bila mkono wa mtu. Basi mara nyingi ulegevu hutangulia, ufa hufuata, na kukatika huja mwisho.

Mambo hayo husomeka katika uso wa mkato. Bolti iliyokufa kwa uchovu huonyesha sehemu laini yenye mistari iliyopinda, kama alama ambazo mawimbi ya ziwa huziacha mchangani, na kando yake sehemu yenye chembe za kukwaruza, ambako chuma kilichosalia kilivunjika ghafla. Sehemu hiyo ya pili ikiwa ndogo, bolti iliuawa polepole na mapigo madogo. Ikiwa uso wote unakwaruza na bolti imepinda, ilivunjwa na kishindo kimoja kikubwa. Hapo fundi na achunguze kama mpira wa kuzuia springi isigonge umekwisha, au kama shokomzoba ni fupi mno kwa springi zilizoinuliwa. Na tundu lililokuwa la duara likiwa limerefuka kama yai, ulegevu ulikuwapo siku nyingi.

Kutokana na ushahidi huo yaonekana kwamba kutia bolti kubwa zaidi si dawa. Kupanua tundu hudhoofisha kishikizo, na ufa huhamia kwenye chesisi, ambako matengenezo yake ni ghali maradufu. Bolti ngumu zaidi iliyofungwa ikiwa legevu nayo itachoka. Itumike ile aliyoitaja mtengenezaji wa gari, na alama iliyo kichwani mwake, kama 8.8 au 10.9, isomwe kabla ya kununua. Rangi, kutu na tope kavu viondolewe kwenye nyuso zinazobanwa, na nati za kujifunga zisirudiwe. Bushi za mpira zikazwe mwisho wakati gari limesimama juu ya magurudumu yake, ili mpira usibaki umesokotwa.

Jambo kuu ni kipimo cha kukaza. Takriban sehemu tisa katika kumi za nguvu ya kukazia hupotea katika msuguano wa nyuzi na wa kichwa cha bolti. Sehemu moja tu ndiyo ibanayo. Tone la mafuta kwenye nyuzi hubadili hesabu yote. Kwa hiyo mkono wa fundi, hata awe hodari namna gani, haupimi sawasawa. Spana ya kupimia yahitajika. Pasipo spana hiyo, mizani ya springi, ile ya ndoano itumiwayo kupimia sangara mialoni, yaweza kusaidia kwa muda: ikifungwa sentimita 50 kutoka katikati ya nati na kuvutwa kwa pembe mraba hadi kilo 20, nati hupata takriban nyutoni-mita 98. Kiasi kifaacho kwa kila gari kimo katika kitabu chake. Baada ya kukaza, mstari wa rangi upigwe kutoka kwenye nati hadi kwenye kishikizo. Mstari ukikatika, dereva ataona ulegevu kabla ya ufa kuanza. Na kila kiungo kipya kikaguliwe baada ya safari ya kwanza.

Watakuwapo watakaosema kwamba gereji ya kijijini haina wakati wa mambo haya. Lakini dakika kumi za kukaza na kukagua ni chache kuliko siku nzima ya gari kulala njiani na kasha la chanjo ambalo barafu yake inayeyuka. Tena shokomzoba inayoning'inia yaweza kugonga bomba la breki, na hapo hasara si ya fedha tena.

Yafaa basi vyuo vya VETA vifundishe usomaji wa mkato kama vinavyofundisha kuchomelea. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, ingeweza kuwafikishia mafundi spana za kupimia kwa mkopo nafuu. TEMESA, yenye karakana za magari ya serikali, ingeweza kuanzisha kadi kwa kila gari: bolti ipi ilikatika, lini, barabara ipi, na uso wa mkato ulikuwaje, nacho kipande chenyewe kifungwe kwenye kadi hiyo. Mwaka mmoja wa kadi za namna hiyo ungefundisha mengi kuliko lawama za miaka kumi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bolti hauzibiki. Huzuiwa tu usianze, na kazi hiyo hufanyika gereji, kabla gari halijaondoka.