Kabla ya Kupaka Rangi Bati la Zamani



Mwaka mmoja tulinunua rangi ya bati kwa akiba ya miezi mingi, tukapaka paa zima kwa siku moja. Majirani walilisifu. Masika yaliyofuata rangi ilibambuka, na maganda yake yakaingia katika tangi la maji ya kunywa ya watoto. Tulikuwa tumepaka juu ya kutu na vumbi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Tunangoja siku za jua. Kwanza tunaondoa bomba linalopeleka maji tangini na kulifunika tangi. Tunafagia majani, hasa penye maungio ya bati, kwani unyevu ukikaa hapo kutu huanza. Kisha tunaosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, kuanzia kwenye kofia ya paa kushuka chini, na kusuuza vizuri. Anayepanda hukanyaga mistari ya misumari, palipo na mbao chini yake, na mwingine hushika ngazi.

Paa likikauka, tunasugua penye kutu tu kwa brashi ya waya na msasa. Mahali pazima hatupagusi kwa waya, tusije tukaondoa zinki inayolinda chuma. Rangi ya zamani tunailowanisha kabla ya kuikwangua, maana huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Maganda yake tunayakusanya yote. Misumari iliyolegea tunaibadilisha, tukiweka yenye washa za mpira. Bati lililotoboka sana halitibiwi kwa rangi, hubadilishwa.

Siku hiyohiyo, kabla ya umande, tunapaka rangi ya kuzuia kutu penye chuma kilicho wazi. Ikikauka, tunapaka mikono miwili ya rangi ya bati isiyo na risasi. Maji ya mvua ya kwanza tunayamwaga.

Bwana Yesu alitoa mfano wa makaburi yaliyopakwa chokaa. Nasi akina mama mara ngapi tumepaka tabasamu juu ya uchungu, wageni wakatusifu? Jioni hii tukae na baba watoto, tuseme kwa upole lile lililoshika kutu. Kusafisha kunauma, lakini maji wanayokunywa watoto wetu hutoka kwenye paa hilohilo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.